Kupaka rangi upya kabati la zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karibu kila mtu huanza na swali moja: "Ninunue rangi gani?" Mimi humrudishia jingine: kabati lenyewe ni la mbao gani, na juu yake kuna nini tayari? Kazi ya kabati la zamani hufaulu au huharibika kabla kopo halijafunguliwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya majibu haya inahusu kutazama, kuosha na kupiga msasa. Yanafaa kabati la nguo, la vyombo na la jikoni. Kila jibu linajitegemea, kwa hiyo ruka hadi lile linalokuhusu.

## Kulijua kabati lako

Nitajuaje kabati langu ni la mbao gani?

Tafuta mahali pasipoonekana: chini ya droo, nyuma ya mlango karibu na bawaba, au ukingo wa chini wa ubavu. Kwangua rangi kwa ncha ya kisu eneo la ukubwa wa sarafu, kisha lilowanishe kwa kidole chenye maji. Maji huonyesha mbao itakavyokuwa ikipata vanishi.

Mninga una rangi ya kahawia inayoelekea dhahabu au wekundu, mara nyingi na michirizi myeusi zaidi. Mvule huanza na unjano na hukolea kahawia kadiri miaka inavyopita. Mkongo ni mwekundu wa kahawia na ni mzito. Msindano, ambao mwingi Tanzania hutoka mashamba ya Sao Hill kule Mufindi, ni mweupe, mwepesi na una vifundo. Ukikwangua ukakuta unga wa mbao uliogandishwa, au vipande vidogo vidogo kama makombo, hiyo ni MDF au chipubodi iliyovalishwa karatasi au fomaika, yaani ganda gumu la plastiki.

Dakika hizi tano usiziruke. Kuna kabati la vyombo nililopewa likiwa na rangi ya kahawia nzito kama lami. Mwenyewe alitaka lipakwe kijivu, basi. Nilipokwangua nyuma ya mlango, chini yake ukatokea mninga safi, ubao mmoja mpana kutoka ukingo hadi ukingo, bila kiungo. Alipouona aliketi kwenye ndoo na kusema tuondoe rangi yote. Kazi iliyokuwa ya siku tatu ilituchukua wiki mbili, na hakuna hata siku moja aliyoijutia.

Je, kila kabati la zamani lipakwe rangi?

Hapana. Mninga, mvule, mkongo na msaji zikiwa nzima, mimi hushauri kwanza vanishi au mafuta, rangi iwe chaguo la pili. Mbao hizo pana hazipatikani kirahisi tena, na kabati jipya la MDF halitaishi nusu ya umri wa lile unalotaka kulificha. Msindano, plaiwudi, MDF na kabati lililoungwa kwa mbao mchanganyiko zipake rangi bila wasiwasi, zitapendeza.

Makasha na makabati ya kale ya Pwani yenye nakshi au misumari ya shaba, yale ya Zanzibar na Lamu, usiyapake rangi wala kuyapiga msasa kabla hayajaonwa na mtu anayejua vitu hivyo. Wekundu ule uliokolea kwa mikono ya vizazi ukiuondoa haurudi.

Kuna vitundu vidogo na unga mwembamba chini ya kabati. Ni mchwa?

Vitundu vya milimita moja au mbili pamoja na unga laini kama sembe ni kazi ya bungua. Mchwa huacha vichuguu vya udongo na hula mbao kutoka ndani, hadi ukibonyeza kwa kidole inazama.

Kwa bungua, pangusa unga wote, weka karatasi nyeupe chini ya kabati usiku na utazame asubuhi. Unga mpya maana yake bado wamo. Ingiza dawa ya kuua wadudu wa mbao ndani ya vitundu kwa bomba la sindano, kitundu kwa kitundu, kisha paka dawa hiyo kwenye mbao tupu, maana haipiti rangi. Iache ikauke siku kadhaa ndipo uzibe kwa fila, yaani kijazio cha mbao. Wengi hutumia mafuta ya taa. Siyapendi: harufu hukaa miezi, na mafuta yaliyobaki huzuia rangi kushika.

Kwa mchwa, kutibu kabati pekee ni kazi bure, kwa sababu wanatoka ardhini. Tafuta njia yao ukutani au sakafuni na uitibu kwanza, kisha kabati ulikalishe juu ya miguu, mbali na ukuta kwa upana wa vidole vinne.

Chipubodi imevimba chini kwa maji. Inatengenezeka?

Iliyovimba hairudi. Usiipige msasa ukitumaini italala; itazidi kufumuka. Kata sehemu yote mbovu kwa msumeno, ambayo mara nyingi ni sentimita 5 hadi 10 za chini, na ukalishe kabati juu ya fremu ya mbao halisi au miguu ya chuma. Kingo ulizokata zizibe kama ilivyoelezwa kwenye swali la MDF.

## Maandalizi

Lazima nipige msasa? Nimeambiwa kuna rangi zisizohitaji.

Lazima, walau kidogo. Rangi hushika kwenye mikwaruzo midogo usiyoiona, na uso wa zamani unaong'aa hauna mikwaruzo hiyo. Si lazima ufike kwenye mbao tupu. Kama rangi ya zamani imeshika vizuri, kazi yako ni kuondoa mng'ao tu, na msasa namba 180 unatosha (namba ikizidi, msasa ni laini zaidi). Panapobanduka, anza na namba 80 au 100, fuata na 120, malizia na 180. Kati ya tabaka na tabaka tumia 240 au 320, kwa mkono mwepesi.

Piga msasa kwa kufuata nyuzi za mbao. Kupiga kwa kukatisha huacha mistari ambayo vanishi itaitangaza sebule nzima.

Vaa barakoa. Vumbi la mvule linajulikana kuwasha ngozi na kubana kifua kwa baadhi ya watu, na la mninga nalo si rafiki wa mapafu.

Kabati lina rangi ya miaka mingi. Kuna hatari?

Ipo, na hili nalisema kwa uzito wote. Rangi nyingi za mafuta za zamani, hasa njano, nyekundu na kijani, zilitengenezwa kwa madini ya risasi. Viwango vya Afrika Mashariki sasa vinaweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni moja za rangi, lakini kabati lako linaweza kuwa na umri mkubwa kuliko kiwango hicho. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi kwa sababu hudhuru ubongo unaokua.

Kwa hiyo usiipige msasa mkavu, na kamwe usiichome kwa moto. Tumia msasa wa maji, ukiulowanisha mara kwa mara ili vumbi lisiruke. Fanyia kazi nje, juu ya turubai. Watoto na mama wajawazito wasiwepo. Tope na magamba yafunge kwenye mfuko, usiyafagilie bustanini wala walipo kuku. Osha mikono kabla ya kula, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Kama rangi hiyo imeshika vizuri, ni afadhali kuiacha chini na kupaka juu yake kuliko kuikwangua yote.

Kabati la jikoni limeganda mafuta. Nitaliosha kwa nini?

Maji ya moto na sabuni ya kuoshea vyombo mara mbili, kisha suuza kwa maji safi mara mbili. Mafuta yaliyoganda juu ya jiko yanakubali magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji. Vaa glavu na suuza vizuri. Ila kama unataka mbao ibaki ikionekana, magadi usiyatumie: huzidisha weusi wa mbao kama mninga.

Osha kabla ya kupiga msasa. Ukianza na msasa utayasugua mafuta yakaingia ndani ya mbao.

Milango niifungue au nipake ikiwa mahali pake?

Ifungue. Bandika kipande cha utepe wa karatasi nyuma ya kila mlango na droo, andika namba, na namba hiyohiyo iandike mahali ulipotoka. Skrubu ziweke kwenye chupa. Makabati ya zamani yalitengenezwa kwa mkono, na mlango wa kushoto mara nyingi hauingii kulia hata kama kwa macho ni pacha.

Skrubu za bawaba hazishiki tena. Nifanyeje?

Jaza tundu kwa vijiti vya meno au kipande cha kijiti cha mshikaki vilivyopakwa gundi ya mbao, acha usiku kucha, kata kilichozidi, kisha rudisha skrubu ileile. Usikimbilie skrubu ndefu zaidi. Inaweza kutokea upande wa pili.

## Rangi yenyewe

Rangi ya mafuta au ya maji?

Kwa kabati linaloguswa kila siku, rangi ya mafuta bado ni ngumu na huoshwa bila kuchubuka. Ubaya wake ni harufu, kukauka polepole, na kwamba nyeupe yake hugeuka njano mahali pasipo mwanga, hasa ndani ya kabati. Rangi ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mbao hukauka haraka, hainuki sana na nyeupe yake hubaki nyeupe. Soma kopo: ile ya maji ya ukutani si ya kabati. Ukiitumia, mlango utakuwa na alama za vidole ndani ya mwezi.

Rangi ya maji juu ya mafuta inawezekana ukipiga msasa na kuweka praima, yaani rangi ya msingi, kati yake. Bila hivyo itabanduka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa.

Kuhusu mng'ao, glosi, yaani ile inayong'aa sana, huonyesha kila bonde na kilima cha mbao. Kabati kuukuu linapendeza zaidi kwa silki au sateni, zenye mng'ao hafifu.

Nilipaka nyeupe, sasa yametokea madoa ya kahawia. Tatizo ni nini?

Ni rangi ya asili ya mbao inayopenya, na haikomi kwa kuongeza tabaka. Hili lilinikuta mwenyewe. Niliipaka milango ya mninga rangi nyeupe ya maji moja kwa moja juu ya mbao tupu. Asubuhi ikawa na mawingu ya waridi kama maji ya rozela. Nikapaka tena, yakarudi. Nikapaka mara ya tatu, yakarudi mepesi zaidi lakini yakarudi.

Dawa yake ni praima ya kuzuia madoa, na ninayoiamini zaidi ni ya shelaki, yaani utomvu wa wadudu ulioyeyushwa kwenye spiriti. Tabaka moja hadi mbili, inakauka chini ya saa moja, kisha rangi yoyote juu yake. Hiyohiyo huzuia vifundo vya msindano visitoe utomvu wa njano. Kama madoa yameshatokea, usibandue kitu: piga msasa mwepesi, paka shelaki, rudia rangi.

MDF na fomaika zinapakwaje?

Uso wa MDF hauna shida. Shida ni kingo zake, ambazo hunywa rangi kama mkate unavyonywa chai. Zipake gundi ya mbao iliyochanganywa na maji kiasi sawa, au fila nyembamba, piga msasa namba 240 zikikauka, ndipo uweke praima. Praima ya maji huinua nyuzi za MDF. Ya mafuta au shelaki ni salama zaidi.

Fomaika ni ngumu na laini kama sahani. Osha, piga msasa namba 180 mpaka mng'ao wake ufifie, futa vumbi, kisha weka praima iliyoandikwa kuwa ni ya nyuso laini. Iache siku nzima halafu ijaribu kwa ukucha. Ikichubuka, rudi kwenye msasa.

Ninunue lita ngapi?

Pima. Chukua kabati la kimo cha sentimita 180, upana 120 na kina 50. Mbele ni mita za mraba 2.16, mbavu mbili 1.8, juu 0.6, jumla kama 4.6. Kwa tabaka mbili ni 9.2. Lita moja ya rangi ya mafuta kwa kawaida hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa tabaka moja, kwa hiyo lita moja inatosha kwa nje. Ukitaka na ndani, pamoja na rafu tatu juu na chini, jiandae kwa lita tatu.

Mimi huacha ndani ya kabati la nguo bila rangi, au huweka shelaki tu. Harufu ya rangi ya mafuta iliyofungiwa hukaa kwenye nguo muda mrefu sana.

Brashi, rola au kupulizia?

Rola ndogo ya sponji kwa sehemu bapa, brashi ya inchi moja na nusu kwa pembe na nakshi. Paka nyembamba, tabaka mbili nyembamba hushinda moja nene, ambayo itatiririka na kukunjamana.

Kupulizia kwa kompresa hutoa uso laini kuliko yote, na mafundi wa Keko, Dar es Salaam, na kwingineko hufanya kwa siku moja. Ila muulize fundi anatumia rangi gani. Wengi hutumia rangi inayochanganywa na thina kali, kama ya magari, na hiyo ikipigwa juu ya rangi ya mafuta ya zamani huichemsha, uso ukakunjamana kama ngozi ya maziwa. Ama aondoe ya zamani yote, ama atumie aina nyingine.

Kwa nini uso una chembechembe?

Vumbi, au rangi ya zamani yenye makapi. Ichuje kwa soksi nyembamba ya nailoni. Mwagia sakafu maji kidogo kabla ya kupaka tabaka la mwisho, na uifute milango kwa kitambaa kibichi. Msimu wa mvua usipake jioni taa ikiwa inawaka: kumbikumbi watakuja wote. Wakishanasa kwenye rangi mbichi usiwatoe kwa kidole. Acha ikauke, piga msasa 320, paka tena.

## Hali ya hewa na kukauka

Naweza kupaka msimu wa masika?

Unaweza, lakini utasubiri. Pwani, kati ya Machi na Mei, hewa yenyewe ni maji. Rangi ya mafuta inayohitaji saa 16 hadi 24 kabla ya kurudiwa inaweza kutaka siku mbili, na mng'ao ukafifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Miezi ya Juni hadi Agosti ni mizuri zaidi. Paka asubuhi umande ukishakauka, kivulini. Jua kali juu ya rangi mbichi huleta malengelenge.

Droo haifunguki siku za mvua. Niipige randa?

Usiipige wakati huo. Mbao imevimba kwa unyevu. Ukiiranda sasa, kiangazi itacheza. Sugua njia zake kwa mshumaa au kipande cha sabuni kavu ya mche. Kama bado inakwama msimu wa ukavu, hapo randa ina kazi. Na usipake rangi kwenye njia za droo.

Nirudishe vyombo lini?

Kukauka kwa kugusa si kukomaa. Rangi ya mafuta hutaka wiki mbili hadi nne kufikia ugumu wake. Milango iache wazi kwa wiki nzima, maana ikifungwa mapema hugandana na fremu na kung'oa rangi. Vyombo vyepesi rudisha baada ya siku saba, juu ya karatasi. Sufuria nzito zingoje.

## Kulifanya lipendeze zaidi

Zaidi ya rangi, nibadilishe nini?

Vishikio kwanza, ndivyo hubadilisha sura kuliko kitu kingine. Pima umbali wa matundu ya zamani kutoka katikati hadi katikati. Vipya vingi huja na milimita 96 au 128. Visipolingana, ziba matundu kwa fila kabla ya praima. Ukikaa karibu na bahari, chagua shaba au stenlesi. Chuma kilichopakwa rangi ya fedha tu huota kutu, na kutu hutiririka juu ya rangi mpya.

Kioo kilichovunjika si lazima kirudi kioo. Ukili uliosukwa vizuri na kubanwa kwa vipande vya mbao unapendeza mno, na hewa inapita. Kwa kabati la chakula, wavu mwembamba wa waya kama wa makabati ya bibi zetu bado ni mzuri: hewa inaingia, nzi hawaingii.

Na kama nimeamua kuacha mbao ionekane?

Vanishi tabaka tatu, ya kwanza ikiongezwa thina kidogo ili izame. Au mafuta ya kitani, ukifuta yaliyozidi baada ya dakika 20, na baadaye nta ya nyuki.

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani au vanishi ya mafuta usivifinyange na kuvitupa kwenye pipa. Vinapokauka hutoa joto, na vikirundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja, au vilowekwe kwenye maji. Thina nayo iwe mbali na jiko la mkaa, hata kama jiko liko chumba cha pili.

## Mambo yasiyo ya kawaida

Kabati ni la chuma. Ni yaleyale?

Kusafisha ni kulekule. Kutu itoe kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, paka praima ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, kisha rangi ya mafuta.

Harufu ya ukale haitoki ndani.

Osha kwa sabuni, anika jua siku mbili milango ikiwa wazi, kisha paka shelaki ndani yote, pamoja na chini ya rafu na nyuma. Shelaki hufungia harufu kama inavyofungia madoa.

Ndani ya mlango kuna maandishi ya penseli ya marehemu baba. Nitayahifadhije?

Acha eneo hilo bila kuguswa na msasa. Lizungushie utepe wa karatasi, paka rangi pande zote, utepe uutoe rangi ikiwa bado mbichi kidogo ili ukingo ubaki safi. Maandishi ya penseli yafunike kwa vanishi ya wazi, ukigusagusa kwa ncha ya brashi bila kusugua. Ikiwa ni kalamu ya wino, usiweke shelaki, kwa sababu spiriti itauyeyusha. Hapo yaache kama yalivyo, mbao tupu, na mlango ukifungwa yatakaa gizani bila kufifia.